Kuua magugu kijijini, uwanjani na shambani: mwongozo wa njia za nyumbani na dawa za dukani

Magugu ya kwenye nyufa za sakafu ya uani, ya chini ya uzio wa minyaa na ya katikati ya mistari ya mahindi hayauawi kwa njia moja. Fedha nyingi zinazoachwa kwenye maduka ya pembejeo hupotea kwa sababu mnunuzi aliomba “dawa ya magugu” bila kusema ni gugu gani, liko wapi, na pana mmea gani kando yake. Upande wa pili wapo wanaosambaza mapishi ya siki na chumvi kama kwamba vitu vya jikoni haviwezi kudhuru udongo, jambo ambalo si kweli. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mwenye nyumba na shamba kijijini anaweza kuutumia kuanzia mwanzo wa msimu: kulitambua gugu, kuamua mahali, kutumia mkono na jembe kwanza, kisha vya nyumbani, na dawa za dukani mwishoni.

Hatua ya kwanza: lichimbue gugu, usiling’oe tu

Kabla ya kununua chochote, chukua jembe uchimbue mmea mmoja mzima wa kila aina ya gugu linalokusumbua, ukung’ute udongo na kutazama kilichoko chini. Jani halitakuambia mengi, lakini mzizi utakuambia karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Ukiona mzizi mfupi ulionyooka na vijizizi vyembamba, hilo ni gugu la msimu linalozaliwa kwa mbegu, kama kishona nguo, mchicha pori au gugu karoti. Magugu ya kundi hili hufa kwa jembe, kwa maji ya moto, kwa siki na kwa dawa karibu zote, ilimradi uyawahi kabla hayajatoa maua. Siku mbegu za kishona nguo zinapoanza kung’ang’ania suruali yako na manyoya ya mbuzi, kazi ya mwaka huo imeshaharibika, kwa kuwa ulichobakiwa nacho ni kuua mama aliyekwisha kuzaa.

Ukiona vikonyo vyeupe vyenye vifundo vinavyotambaa chini ya ardhi, hilo ni gugu la kudumu kama ukoka au sangari, na kila kipande chenye kifundo kinachobaki udongoni kinaweza kuchipua mmea mpya. Ndago ni jamaa wa tabia hiyo, ila yeye hujenga mnyororo. Fuata uzi mwembamba unaoshuka kutoka kwenye shina na utakuta kitunguu kidogo cheusi; endelea kuufuata uzi unaotoka hapo na utakuta kingine, kisha kingine. Maadamu mnyororo haujakatika, vitunguu vingi huendelea kulala, lakini jembe likiukata, kila kimoja hujitegemea na kuchipua. Hiyo ndiyo sababu shamba lenye ndago lililopaliliwa kijuujuu baada ya mvua huonekana, wiki mbili baadaye, kana kwamba limepandwa ndago kwa makusudi.

Kundi la tatu ni vichaka na miti: lantana, na kwa wenzetu wa Baringo na Turkana nchini Kenya, mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa, ukageuka kero ya malisho. Hivi huhitaji kushughulikiwa kwenye kisiki, na kupulizia majani yake ni kupoteza dawa.

Lipo gugu moja linalodanganya watu kwa upole wake. Ni yale majani laini yenye maua madogo ya buluu ambayo hulishwa sungura (kitaalamu Commelina benghalensis). Shina lake hutoa mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu, na zaidi ya maua unayoyaona juu, huwa na maua mengine yaliyojificha chini ya ardhi ambayo nayo hutoa mbegu. Ukilikata ukaliacha shambani siku ya mawingu, umelipanda upya, na glaifoseti, dawa ambayo wengi huitegemea kwa kila kitu, hulidhoofisha tu bila kuliua sawasawa.

Gugu karoti linahitaji tahadhari ya peke yake. Liliripotiwa Tanzania mwaka 2010 huko Arusha, na tangu hapo limesambaa kufuata barabara na magari. Jani lake hufanana na la karoti na maua yake ni vijidoti vyeupe. Likishikwa kwa mikono mitupu mara kwa mara huleta vipele na muwasho mkali, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Ling’oe ukiwa umevaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani, tena kabla halijachanua, kwa sababu mmea mmoja uliokomaa hutoa maelfu ya mbegu.

Hatua ya pili: gawa eneo lako

Pita kwenye mipaka yako ukijiuliza, kwa kila sehemu, kama unataka kitu chochote kiote hapo. Njia ya kokoto, nyufa za zege na msingi wa nyumba ni mahali ambapo hutaki hata jani moja, kwa hiyo una uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua njia. Chini ya uzio na kuzunguka miti ya matunda unataka mmea mmoja uishi na mingine ife. Shambani unataka zao lishinde. Ukingo wa kisima, mto au bwawa ni sehemu ya jembe na fyekeo peke yake, kwa kuwa dawa nyingi, zikiwamo zile zinazosifiwa kwamba hazina madhara, zina viambato vinavyoua samaki na vyura zikiingia majini.

Ziweke alama pia sehemu ambazo mvua huteremsha maji. Kinachomwagwa juu ya mteremko huo, kiwe chumvi au dawa, kitaishia chini yake, na mara nyingi chini yake pana migomba au bustani ya mboga ya jirani.

Hatua ya tatu: jembe, kwa saa yake

Palizi ya mkono haijapitwa na wakati, ila hufanywa mara nyingi katika saa isiyofaa. Kwa magugu ya msimu, palilia asubuhi ya siku inayotarajiwa kuwa na jua kali, jembe likipita juujuu, sentimita 2 au 3 tu, ili mizizi ibaki wazi na jua la adhuhuri liimalize. Kulima kwa kina huleta juu mbegu zilizokuwa zimelala, na hapo umejiongezea kazi. Baada ya mvua kubwa, subiri udongo ukauke kidogo, kwani gugu lililong’olewa kwenye matope hushika tena mizizi jioni ileile.

Kwa mahindi, wiki za kwanza ndizo zenye uzito. Magugu yanayoachwa kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya mahindi kuota hula mavuno ambayo palizi ya baadaye haiwezi kuyarudisha. Mwenye nguvu kazi ndogo aitumie yote hapo, hata kama uwanja wa nyumba utabaki mchafu kwa muda.

Ndago na sangari hushughulikiwa kiangazi, wakati udongo umekauka. Tumia jembe la uma badala ya jembe la kawaida, kwa sababu meno ya uma hunyanyua vikonyo na vitunguu bila kuvikatakata. Inua bonge la udongo, lipasue kwa mkono, chambua, kisha tandaza ulichokitoa juu ya bati au turubai kwenye jua kwa wiki mbili au zaidi mpaka vitunguu vya ndago viwe vyepesi na vikavu hadi ndani. Usivitupe kwenye shimo la mboji, kwa kuwa mboji nyingi za nyumbani hazipati joto la kuviua, na mwaka ujao utavirudisha shambani pamoja na samadi. Kazi hii ni ngumu na haifai kwa eka nzima, bali kwa bustani ya mboga na kwa vile viduara vichache ambako ndago imeanza kuingia.

Hatua ya nne: vilivyomo jikoni

Katika vitu vyote vya nyumbani, maji yanayochemka ndiyo ninayoyapendekeza kwanza. Hayagharimu zaidi ya kuni, hayaachi sumu, na hufanya kazi vizuri kwenye nyufa za sakafu, kati ya matofali ya njia na kwenye kingo za msingi. Mimina polepole, moja kwa moja juu ya shingo ya mmea, pale shina linapokutana na udongo, badala ya kurashia majani. Kijimea kichanga hulegea papo hapo na kufa. Ukoka uliozeeka utachipua tena baada ya wiki mbili au tatu, nawe utarudia kila uchipuapo mpaka akiba iliyomo mizizini iishe. Tumia birika lenye mdomo mrefu, vaa viatu vilivyofunika miguu, na hakikisha watoto hawako karibu. Ajali za maji ya moto ni mbaya kuliko gugu lolote. Usiyatumie karibu na shina la mti unaoupenda, kwa maana joto halichagui mizizi.

Siki inafuata, kwa masharti. Siki ya dukani ina asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Asidi hiyo huunguza jani inapoligusa na haisafiri kwenda mizizini. Watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walipoijaribu mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona kwamba kiwango hicho huua magugu machanga ya wiki mbili za mwanzo, na kwamba makubwa zaidi yalihitaji asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo, chagua magugu yenye majani mawili hadi manne, siku ya jua kali isiyo na upepo. Tia lita 1 ya siki bila kuichanganya na maji kwenye kinyunyizio cha mkono, ongeza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo kazi yake ni kuifanya siki ishike jani badala ya kuteleza, kisha lowanisha majani yote. Saa chache baadaye yatakuwa yamekauka kwa rangi ya kahawia. Kwa robo eka njia hii haina maana kabisa. Gharama ya chupa za siki ingelipa vibarua wa palizi na chenji ikabaki. Asidi kali inayouzwa kwenye maduka ya kemikali isinunuliwe kwa shughuli hii, maana tone moja likirukia jichoni linaweza kupofusha.

Chumvi inaua magugu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Haiozi wala haipotei. Inabaki udongoni, inaufanya udongo wa mfinyanzi ugande na kukataa maji, na mvua ikija inaihamisha hadi kwenye mimea uliyotaka ibaki. Miparachichi, kwa mfano, ni miongoni mwa miti inayoumia upesi kwa chumvi, na majani yake huanza kuungua kuanzia kwenye ncha. Ukiona mapishi yanayosema siki, chumvi na sabuni, toa chumvi. Mahali pekee inapovumilika ni kwenye ufa wa zege ulio mbali na mteremko wa kwenda shambani, na hata hapo maji ya moto yanatosha. Magadi nayo yana hukumu hiyohiyo.

Majivu hayaui magugu yaliyokwisha kuota. Ni bora yaende kwenye mboji au kwenye udongo wenye asidi nyingi. Oili chafu kutoka gereji na dizeli, ambazo watu wengi humwaga chini ya uzio, ziachwe kabisa, kwa kuwa huua kila kitu, hubaki ardhini kwa miaka na hupenya kuelekea kisimani. Moto husafisha sura ya shamba kwa siku chache, lakini mbegu zilizofukiwa na mizizi ya ukoka hubaki hai, huku mabua ambayo yangekuwa matandazo yakigeuka moshi. Isitoshe, vijiji vingi vina sheria ndogo dhidi ya uchomaji holela, na nyumba ya makuti au nyasi haihitaji zaidi ya cheche moja.

Hatua ya tano: nyima magugu mwanga

Kufunika ardhi ndiyo njia ya nyumbani inayoleta manufaa ya kudumu, ingawa haina mvuto wa kuona jani likiungua. Kuzunguka miti ya matunda na kwenye vitalu vya mboga, fyeka magugu hadi chini, tandaza maboksi yaliyofunguliwa na kuondolewa gundi za plastiki, yalowanishe, kisha funika kwa mabua ya mahindi, maganda ya kahawa au nyasi zisizo na mbegu kwa unene wa sentimita 10. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la mti, lisije likaoza au kushambuliwa na mchwa. Magugu ya mbegu yatashindwa kupenya. Ndago itatoboa, hata ukitumia nailoni, kwa sababu ncha yake ni kali kama sindano. Kwake yeye kivuli kizito cha muda mrefu ndicho kinachomdhoofisha, na viazi vitamu, maboga au fiwi vikishatambaa vikafunga ardhi humnyima chakula msimu mzima.

Kwa kitalu unachotaka kukisafisha kabla ya kupanda, tumia jua lenyewe. Lima na usawazishe udongo, umwagilie mpaka uloe, tandika nailoni inayopitisha mwanga na ifukie kingo zake zote ili joto lisitoke, kisha uiache kwa wiki 4 hadi 6 katika miezi ya jua kali. Joto hilo huua mbegu nyingi za tabaka la juu. Nailoni nyeusi hupata joto dogo zaidi ardhini, lakini huua kwa giza, kwa hiyo inafaa kwenye eneo lenye nyasi ambalo uko tayari kuliacha miezi kadhaa.

Kiduha kinastahili neno hapa, maana ukikiona juu ya ardhi kimekwisha kunyonya mizizi ya mahindi yako na kunyunyiza ni kuchelewa. King’oe kabla maua yake ya zambarau hayajakauka na ukichome, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Njia iliyoleta nafuu magharibi mwa Kenya ni ile iliyoendelezwa na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wake: desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na mizizi yake hutoa kemikali zinazoziotesha mbegu za kiduha huku zikizizuia zisishike mzizi wa mahindi. Majani ya desmodiamu hiyo hulishwa ng’ombe.

Hatua ya sita: chagua dawa kwa kiambato, si kwa picha ya chupa

Ukifika dukani, soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Hapo pameandikwa kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua gugu, na kiasi chake kwa lita, na dawa mbili zenye majina na bei tofauti huweza kuwa kitu kilekile. Angalia pia namba ya usajili, ambayo Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na Kenya hutolewa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, ijulikanayo kwa kifupi PCPB. Kagua tarehe ya mwisho, hali ya lakiri na ukanda wa rangi ulio chini ya kibandiko: mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano unafuata, kisha wa buluu, na wa kijani ndio wenye hatari ndogo zaidi. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, hata kama muuzaji ni mtu unayemfahamu.

Glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup, huua karibu kila mmea wa kijani, na husafiri kutoka kwenye jani hadi mizizini. Ndiyo dawa inayofaa kwa ukoka na sangari kabla ya kupanda, na kwa ndago iliyo na majani mapya yenye nguvu. Usifyeke kabla ya kupulizia, kwa kuwa bila majani haina mlango wa kuingilia, wala usifyeke mara tu baada ya kupulizia. Subiri wiki mbili. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo pengine vinasababisha saratani kwa binadamu, ilhali Umoja wa Ulaya uliirefushia kibali mwaka 2023 kwa miaka 10. Mzozo huo haujaisha, na msimamo wangu ni kwamba itumike pale tu jembe linaposhindwa, na mtumiaji ajikinge kama kwamba upande unaoitilia shaka ndio wenye haki.

2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, kwa hiyo hutumika kwenye mahindi yakiwa bado mafupi, urefu wa sentimita 20 au chini yake. Isikaribie nyanya, pamba, maharage wala mipapai, kwa maana ukungu wake mwembamba ukipeperushwa unatosha kuyakunjakunja majani ya jirani.

Atrazini hupuliziwa kwenye udongo wenye unyevu karibu na siku ya kupanda mahindi au mtama, na huzuia magugu yasiote. Hapa ndipo wakulima wadogo wengi wanapoumizwa, kwa sababu shamba la kawaida la kijijini lina mahindi na maharage pamoja, na atrazini inaua maharage. Mwenye shamba mseto amwombe muuzaji dawa ambayo kibandiko chake kinataja mazao yote mawili kwa majina, kama zilivyo baadhi ya zile zenye pendimethalini. Muuzaji akisema “hii inafaa kote” bila kukuonyesha maandishi, ondoka.

Parakwati siipendekezi kwa nyumba yoyote. Huunguza majani kwa siku moja na kwa hiyo huwavutia watu, lakini mizizi haiigusi, haina dawa ya kuizimua mtu akiimeza, na funda moja dogo linatosha kuua kwa kuharibu mapafu polepole. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007.

Kwa lantana, mathenge na visiki vingine, kata shina sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kisha papohapo, kabla ya dakika chache kupita na jeraha kuanza kukauka, paka kwa brashi glaifoseti au triklopiri kwa kiwango ambacho kibandiko kimekitaja kwa kazi ya visiki. Dawa kidogo ya brashi hufanya kazi kubwa kuliko bomba zima lililopuliziwa majani, na hakuna kinachopeperuka.

Hatua ya saba: pima bomba lako kabla ya kupima dawa

Vifuniko na vikopo vinavyotumika mitaani kama vipimo ndivyo chanzo cha dawa kuzidi au kupungua, na hesabu sahihi haichukui hata nusu saa. Tia maji matupu kwenye bomba la mgongoni, pima kipande cha mita 10 kwa 10, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia maji yaliyotumika. Tuseme yametumika lita 2.5. Eka moja ni kama vipande 40 vya namna hiyo, kwa hiyo wewe, kwa bomba hilo na mwendo huo, unatumia lita 100 kwa eka. Ikiwa kibandiko kinasema lita 1.5 ya dawa kwa eka, na bomba lako ni la lita 16, basi utahitaji mabomba 6 na robo, na kila bomba litapokea mililita 240. Mtu mwingine mwenye mwendo wa haraka atapata jibu tofauti, na ndiyo maana kipimo cha jirani hakikufai.

Tumia nozeli inayotoa dawa kwa umbo la feni bapa, ambayo hutoa matone makubwa kiasi. Ile ya duara iliyotengenezwa kwa dawa za wadudu hutoa ukungu unaosafiri. Maji yawe safi. Tope huifunga glaifoseti na kuifanya isifae kitu, na vumbi zito lililotanda kwenye majani ya kando ya barabara hufanya vivyo hivyo. Jaza bomba nusu, tia dawa, tikisa, kisha jazia.

Vaa buti, suruali ikiwa nje ya buti ili matone yasiingie ndani, glavu za mpira, shati la mikono mirefu, miwani na barakoa. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kumimina dawa ambayo haijachanganywa, kwa hiyo miwani ivaliwe tangu hapo. Pulizia asubuhi umande ukishakauka au jioni, kukiwa na upepo mwepesi tu, na anga lisiloonyesha mvua kwa saa 6 zinazofuata. Tembea ukiuacha upepo uipeleke dawa mbali nawe. Karibu na migomba michanga, mihogo, mipapai au uzio wa minyaa, kata kitako cha dumu la lita 5, pitisha nozeli mdomoni mwake, na upulizie dumu likiwa limegusa karibu na ardhi. Ni kinga rahisi, na shina la kijani la mpapai hufyonza glaifoseti sawasawa na jani. Nozeli ikiziba, izibue kwa bua la nyasi na kamwe si kwa kupuliza kwa mdomo.

Hatua ya nane: baada ya kupulizia

Osha bomba mara tatu, mbali na kisima na mto, na maji ya kuoshea yamwage kwenye eneo lilelile ulilopulizia. Chupa tupu isuuze mara tatu, maji hayo yakirudi bombani, kisha itoboe ili asiwepo mtu wa kuchotea maji au kuwekea mafuta ya taa. Oga kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Dawa iliyobaki ibaki kwenye chombo chake chenye kibandiko, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ikimrukia mtu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akiimeza, mkimbize hospitali pamoja na chupa au kibandiko, bila kumtapisha wala kumnywesha maziwa.

Zuia mifugo kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Baadhi ya magugu yenye sumu huwa matamu zaidi yanaponyauka baada ya kupuliziwa, na ng’ombe aliyekuwa akiyapita huanza kuyala.

Jani lililopata glaifoseti huanza kugeuka njano baada ya wiki moja hivi, na mmea hufa ndani ya wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo usirudie kupulizia siku ya nne kwa kukosa subira. Baada ya wiki ya tatu, pita tena ukiwa na jembe la uma mkononi. Machipukizi machache ya sangari au ndago yatakuwapo. Yachimbue yangali na majani mawili au matatu, na pale yalipo mengi mno, yaache yakue hadi kimo cha kiganja ndipo uyapulizie yenyewe tu. Ndago huhitaji kurudiwa hivyo kwa misimu miwili au zaidi.

Bomba lililowahi kubeba 2,4-D lisitumike tena kwenye nyanya au mboga hata likioshwa vizuri namna gani, kwa sababu mabaki kidogo kwenye mpira na vali yanatosha kuharibu kitalu kizima. Nunua la pili kwa ajili ya dawa za wadudu na ukungu, na uandike kwa rangi ya mafuta kwenye tangi la kwanza: MAGUGU TU.